Fundi wa mtaani, gereji ya risiti, wakala rasmi au mwenyewe? Pa kufanyia sevisi ya gari ukiwa Dodoma

Gari limetimiza kilomita 5,000 tangu oili ya mwisho. Ukiuliza kazini Mtumba, mmoja atakuelekeza kwa fundi wake wa Kizota. Wa pili atakuapia kwamba mafundi wa mtaani ni wezi, upeleke kwa wakala. Wa tatu anabadilisha oili mwenyewe uani kwake Nzuguni na hataki kusikia habari ya gereji. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, maana hawaendeshi gari moja, hawana nafasi sawa, wala hawaizungumzii kazi moja. Kubadilisha oili ya Toyota IST na kumwaga mafuta ya giaboksi la CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua) ni kazi zilizo mbali sana.

Hapa tunalinganisha njia nne kwa sevisi ya kawaida tu: oili, filta, plagi, breki, maji ya rejeta, mafuta ya giaboksi na ukaguzi wa miguu, yaani viungo vya chini vinavyoshika magurudumu. Mifano mingi ni ya Toyota ndogo zenye injini ya 1NZ, kwa kuwa ndizo zimejaa barabarani.

Vigezo

Cha kwanza na kikubwa ni unachoweza kukiona. Malalamiko mengi kuhusu gereji hutokana na kazi ndogo ambayo mwenye gari hana namna ya kuithibitisha: filta ya hewa imepulizwa ikaandikwa mpya, plagi za zamani zimesuguliwa kwa msasa zikarudishwa. Chukua filta ya petroli ya IST. Imo ndani ya tenki pamoja na pampu, na kuifikia lazima kiti cha nyuma kiinuliwe. Kama kiti hakikuinuliwa, filta haikubadilishwa, hata bili iseme nini.

Vingine vinne ni vifaa na ujuzi. Oili na spea zinakotoka. Bei pamoja na muda. Na nani anawajibika kazi ikiharibika.

Dodoma inadai nini kwenye gari

Kabla ya kuchagua fundi, jua gari lako linaishi wapi. Kiangazi cha hapa ni kirefu na chenye upepo, na vumbi ndilo adui wa kwanza. Filta ya hewa itolewe na kuangaliwa kila kilomita 5,000, na kwa anayekwenda vijijini Bahi au Chamwino kila wiki, nusu ya hapo. Inapulizwa kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Haioshwi kwa petroli wala mafuta ya taa. Karatasi ikitoboka au mpira wa pembeni ukikosa kukaa sawa, vumbi linaingia moja kwa moja, linasaga ringi na silinda, na gari linaanza kula oili. Filta chafu inapunguza nguvu tu. Iliyotoboka inaua injini.

La pili ni maji. Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha ukoko ndani ya rejeta kama yanavyouacha kwenye birika la chai. Tumia kulanti, dawa ya kupozea injini. Ikiwa ni ile isiyochanganywa, weka nusu kwa nusu na maji yaliyoondolewa chumvi au yaliyokusanywa kutoka kwenye mvuke, yaani yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Hakikisha si tindikali ya betri. Tena mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji matupu yasiyo na mgandamizo yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Mfuniko mzima wa rejeta unaongeza mgandamizo wa karibu baa 1 na kusogeza kiwango hicho hadi karibu nyuzi 118. Ndiyo maana mfuniko uliochoka, kitu kidogo cha bei ndogo, unaweza kukuchemshia gari ukipanda Nyang'oro kuelekea Iringa.

Hapo ndipo lilipo kosa moja linalofanywa na mafundi wengi kwa nia njema: gari likichemsha, wanatoa themostati (vali inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto) na kuitupa. Mshale unashuka, mteja anafurahi. Injini sasa inafanya kazi ikiwa ya baridi, inakula petroli zaidi, oili inachafuka mapema, na sababu halisi ya kuchemsha (mfuniko, feni, rejeta iliyoziba, gasketi ya hedi) imebaki palepale. Fundi akikwambia "hii kwa huku joto haihitajiki", kataa.

1. Fundi wa mtaani

*Unachoweza kukiona:* Kila kitu, ukikaa. Hakuna mlango wa "wateja wasivuke hapa". Unaona oili inavyotoka, filta inavyofunguliwa, kopo linavyokatwa mhuri. Faida hii inapotea mara moja ukiacha ufunguo na kwenda kazini. Gari lililolala gereji ya wazi ndilo linalobadilishiwa betri, kunyonywa petroli, au kutolewa masega ya ekzosi.

*Vifaa na ujuzi:* Aliyefungua 1NZ mia mbili anaijua kuliko kitabu. Kwa miguu hasa, bushi, boljointi, stabilaiza linki, wengi wao ni hodari. Kinachokosekana ni toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm. Nati ya kumwagia oili, ya sampu, kwenye 1NZ inataka Nm 38 tu. Ikikazwa kwa spana ndefu na mguu juu yake, uzi unalika, na safari ijayo itafungwa kwa silikoni. Nati za magurudumu zinataka Nm 103, nazo mara nyingi hukazwa mno au kwa kutofautiana, disku ikapinda na breki zikaanza kutetemeka. Upungufu mwingine ni kutafuta ugonjwa kwa kubadilisha spea: "tuweke sensa nyingine tuone". Kila "tuone" inalipwa na wewe.

*Oili na spea:* Hapa ndipo imani inapovunjika. Fundi akitumwa dukani peke yake, mara nyingi kuna cha juu, na muuzaji anampa ile yenye cha juu kikubwa. Dawa yake ni rahisi: nunua mwenyewe, mpe fundi bei ya kazi iliyo wazi na ya haki. Ukimbania kwenye ufundi, atajilipa kwenye spea. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa iepuke kabisa. Kwenye kopo angalia mhuri wa mfuniko haujachezewa, namba ya toleo ipo na haijafutwa, alama ya TBS, na daraja la ubora la API (SN au SP kwa petroli). Oili ikiisha, toboa kopo kwa msumari kabla ya kulitupa, kwa sababu makopo mazima ndiyo yanayojazwa upya. Ukiuziwa bandia, pa kushtaki ni Tume ya Ushindani, FCC.

*Bei na muda:* Ufundi ni nafuu kuliko kwingine isipokuwa kwako mwenyewe. Muda ni mtihani. "Njoo saa kumi" inaweza kuwa kesho, kwa sababu ameshika magari matatu.

*Kazi ikiharibika:* Hakuna karatasi. Kuna uhusiano tu, na kwa fundi mliyezoeana mwaka wa tatu uhusiano huo una uzito kuliko dhamana nyingi zilizoandikwa. Kwa fundi wa leo hauna uzito wowote.

*Inamfaa* mwenye gari la kawaida, la zamani kidogo, anayeweza kukaa saa mbili pembeni na kununua spea mwenyewe.

2. Gereji yenye ofisi na risiti

*Unachoweza kukiona:* Nusu. Kuna kochi na televisheni, lakini nyingi hukuruhusu kusimama karibu ukiomba. Omba kabla ya kazi kuanza.

*Vifaa na ujuzi:* Lifti, kompresa, mashine ya kusoma kompyuta ya gari, mara nyingi na ya wili alaimenti. Hapa jua tofauti: mashine inasoma kodi, yaani namba ya hitilafu, haisemi spea gani imekufa. Kodi P0171 inasema mchanganyiko una petroli pungufu. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa yenye vumbi, au pampu dhaifu. Gereji nzuri itaeleza imepimaje hadi ikafika kwenye spea. Ikikurukisha kutoka kodi hadi bili, haijapima kitu. Jambo la pili: aliyekupokea ofisini siye atakayeshika spana. Wakati mwingine anayeshika ni kijana wa mafunzo kwa vitendo. Huyo si tatizo akisimamiwa. Uliza nani anakagua kazi mwisho.

*Oili na spea:* Wanazo wenyewe, na wengine hawakubali za mteja au wanakubali bila dhamana. Bili ionyeshe jina la oili, daraja lake na lita. 1NZ inameza karibu lita 3.7 pamoja na filta. Bili ya lita 5 kwa IST inahitaji maelezo, au oili iliyobaki irudi nawe nyumbani.

*Bei na muda:* Katikati. Sevisi ndogo huisha kwa saa moja au mbili ukiwa umepanga miadi.

*Kazi ikiharibika:* Kuna anwani, na kuna risiti ya EFD. Idai, na idai maelezo ya kazi yaandikwe pamoja na kilomita za gari. Risiti ya "matengenezo" pekee haitakusaidia siku ya ubishi.

*Inamfaa* mtumishi asiye na muda, na mwenye gari lenye taa ya injini iliyowaka.

3. Wakala rasmi

*Unachoweza kukiona:* Kidogo. Gari linaingia, wewe unabaki mapokezi. Imani hapa inajengwa na karatasi: fomu ya kazi, orodha ya ukaguzi, spea kwa namba.

*Vifaa na ujuzi:* Bora zaidi kwa gari jipya au lenye mifumo migumu. Lakini wakala anayajua magari aliyoyaleta yeye. Gari lililotumika Japani na kushushwa bandarini Dar linaweza kuwa na injini au giaboksi ambalo halikuuzwa hapa likiwa jipya. Piga simu kwanza, taja namba ya chasisi.

*Oili na spea:* Hakuna mahali penye hatari ndogo zaidi ya feki. Malalamiko ya hapa ni ya aina nyingine: orodha ndefu ya kubadilisha vitu ambavyo bado vina maisha. Breki pedi yenye milimita 6 haijaisha. Panga kubadilisha ikifika 3. Uliza kila kitu kwenye orodha kimepimwa nini na kiwango cha mwisho ni kipi.

*Bei na muda:* Ghali kuliko zote. Kwa chapa ambayo wakala wake hana karakana mkoani, ongeza kilomita 450 hivi hadi Dar es Salaam, mafuta, na pengine kulala.

*Kazi ikiharibika:* Dhamana ya maandishi, na kumbukumbu za sevisi zinazopandisha thamani siku ya kuuza.

*Inamfaa* mwenye gari ambalo bado lina dhamana ya kiwandani (kusoma masharti ya dhamana ni lazima), na gari la ofisi linalohitaji nyaraka. Magari ya Serikali yana utaratibu wake kupitia TEMESA, Wakala wa Ufundi na Umeme.

4. Kufanya mwenyewe

*Unachoweza kukiona:* Yote.

*Vifaa na ujuzi:* Kwa oili unahitaji spana au soketi ya 14, kifungulio cha filta, beseni la lita 6, jeki, stendi mbili, mpira mpya wa nati ya sampu na faneli. Ua wa mchanga ndio hatari yenyewe: jeki inazama au kuegama. Weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja.

Washa injini dakika tatu hadi tano, zima, mwaga, acha ichuruzike dakika kumi. Kabla ya kufunga filta mpya, pitisha kidole mahali ilipokaa ile ya zamani. Mpira wake wakati mwingine hubaki umeganda kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake, mipira inakuwa miwili na oili yote inamwagika mara tu injini inapowaka. Paka oili kwenye mpira mpya, kaza kwa mkono hadi uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Mimina lita 3.5, washa dakika moja, zima, subiri tano, pima, ongeza kidogo kidogo. Usipitishe alama ya juu: oili iliyozidi inapigwa na kranki, inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Siku ya upepo usiache mdomo wa oili wazi.

*Oili na spea:* Unachagua wewe, na ukikosea umekosea wewe. Kosa la gharama zaidi ni mafuta ya giaboksi. IST ya kwanza (2002 hadi 2007) yenye 1NZ ina giaboksi la kawaida la otomatiki linalotumia mafuta ya T-IV, lakini nyingi za toleo lililofuata ni CVT. Vitz ya 1KR ya CVT inataka mafuta ya CVT. Haidroliki ya kawaida ndani ya CVT inaufanya mkanda uteleze, na giaboksi halirudi. Soma kitabu au kijiti cha kupimia, usisikilize rangi ya mafuta.

*Bei na muda:* Unalipia oili na filta tu baada ya vifaa. Mara ya kwanza itakula asubuhi nzima.

*Kazi ikiharibika:* Ni yako. Kwa hiyo breki, kama hujawahi kufundishwa, usianzie hapo. Oili chafu usiimwage uani wala usipake kwenye nguzo za uzio kwa ajili ya mchwa. Ipeleke kwenye gereji yenye pipa la kukusanyia.

*Inamfaa* mwenye uwanja mgumu, subira, na gari linaloeleweka.

Namna ya kumpima yeyote utakayemchagua

Piga picha ya deshibodi, chumba cha injini na betri kabla ya kuacha gari. Weka nukta ya rangi kwenye filta ya oili, filta ya hewa na plagi moja. Gari likirudi na nukta ile ile, umejua hakikubadilishwa kitu. Sema mapema: "Fundi, spea za zamani naomba uziweke kwenye buti." Fundi mwaminifu haudhiki na ombi hilo.

Akisema miguu imekwisha, mwombe akuonyeshe gari likiwa limeinuliwa. Gurudumu likishikwa juu na chini likacheza, ni boljointi au beringi. Likishikwa kushoto na kulia likacheza, mara nyingi ni tairodi. Halichezi? Basi "bosi, vyote vimekwisha" haijathibitishwa. Kelele ya kokoko kwenye matuta madogo huanzia sana kwenye stabilaiza linki, ambayo ni spea ya bei ndogo, kabla ya shokapu zinazosingiziwa.

Betri nayo ipimwe kwa mita: volti 12.6 ikiwa imepumzika, 13.8 hadi 14.5 injini ikiwaka. Chini ya 13 injini ikiwaka, betri mpya haitasaidia, mgonjwa ni kuchaji, mara nyingi oltaneta.

Na kibandiko cha "rudi baada ya kilomita 3,000"? Kwa oili nzito ya kawaida, injini iliyochoka na vumbi la hapa, ushauri huo si wizi. Kwa injini nzima yenye 5W-30 ya SN, unamwaga oili ambayo bado ni nzima. 5,000 au miezi sita inatosha. Plagi za kawaida hukaa kilomita 20,000, za iridium hadi 100,000, kwa hiyo anayezibadilisha kila sevisi akueleze kwa nini.

Kwa hali yako

*Gari la Toyota la kawaida, kipato cha kubana, Jumamosi uko huru:* fundi wa mtaani, ukiwa na oili na filta zako mkononi, na usiondoke. Mara moja kwa mwaka pita gereji yenye lifti akuangalie breki na chini ya gari.

*Unatoka Kisasa saa kumi na mbili asubuhi, unarudi usiku:* gereji ya risiti, kwa miadi, spea za zamani kwenye buti. Ukilazimika kumwachia fundi wa mtaani, iwe oili na filta tu, na usilaze gari.

*Gari la CVT, haibridi, dizeli ya kisasa, au lenye dhamana:* wakala, au gereji inayoweza kukuonyesha mafuta sahihi na mashine sahihi kwa gari hilo hasa. Kazi za oili na filta ya hewa bado unaweza kuzifanya kwingine baada ya dhamana kuisha.

*Umenunua gari juzi na hujui historia yake:* lipia ukaguzi kwanza mahali pasipokuwa pa aliyekuuzia, bila kuruhusu kitu kufunguliwa siku hiyo. Kisha badilisha oili, kulanti na mafuta ya breki, na andika kilomita.

*Unaishi Kondoa, Mpwapwa au Kongwa na huja mjini mara chache:* jifunze oili na filta ya hewa mwenyewe, nunua vya sevisi mbili ukija Dodoma, na weka kwenye buti feni belti moja, mfuniko wa rejeta, lita mbili za kulanti na filta ya hewa iliyofungwa kwenye nailoni.